Bibi, Wajukuu na Meli: Pointi au Fedha Taslimu?

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na mambo ya karibu: ada za shule, bei ya sukari, akiba ya mahindi, na namna ya kuufikisha mshahara wa koplo mpaka mwisho wa mwezi. Juma hili ukurasa unavuka bahari. Sababu yake si kutamani anasa za watu. Ni kwamba katika makambi ya jeshi na katika kota za polisi, nyumba nyingi siku hizi zina mtoto, dada au shemeji aliyeko Marekani, na mara kwa mara huja habari kwa simu kwamba huyo ndugu amenunua "pointi za likizo", na kwamba siku moja atawachukua wazee wote wakapande meli pasipo kulipa hata senti moja. Wazee hufurahi, kisha huulizana pointi ni kitu gani. Swali hilo lastahili jibu kamili, kwani nyuma ya neno hilo dogo umo mkataba wa miaka mingi, ada isiyokoma, na pengine ugomvi wa urithi.

Asili ya jambo hili ni milima ya Alps nchini Ufaransa, katika miaka ya 1960, mahali paitwapo Superdévoluy. Wenye hoteli ya watelezaji wa theluji waliona kwamba badala ya kumpangisha mtu chumba kila anapokuja, wanaweza kumwuzia haki ya kukitumia chumba hicho kwa juma fulani katika kila mwaka. Chumba kimoja, majuma hamsini na mawili, wenyewe hamsini na wawili. Askari hana haja ya kufafanuliwa sana: hiyo ni zamu. Kama vile lindo moja linavyokuwa na walinzi wengi, kila mmoja kwa saa zake, ndivyo chumba kimoja kinavyokuwa na wenyewe wengi, kila mmoja kwa juma lake.

Mtindo huo ulishamiri Marekani katika miaka ya 1970, hasa katika jimbo la Florida, penye jua na pwani. Mwaka 1974, katika mji wa Indianapolis, Jon na Christel DeHaan walianzisha kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ilikuwa kuwawezesha wenye zamu kubadilishana: mwenye juma lake pwani akalitoa, akapewa la mwenzake mlimani. Hatimaye juma lenyewe likavunjwavunjwa kuwa pointi. Kilabu cha Disney Vacation Club, kilichoanza mwaka 1991, kilijengwa juu ya pointi tangu siku ya kwanza. Mwanachama hupewa idadi yake ya pointi kila mwaka, naye huzitumia kama mtu anavyotumia kadi ya posho: usiku wa Jumamosi wakati wa sikukuu hugharimu pointi nyingi, usiku wa katikati ya juma msimu wa baridi hugharimu chache. Na ili pointi hizo zionekane tamu zaidi, vilabu vingi viliongeza kwamba zaweza pia kulipia safari ya meli za matembezi. Hapo ndipo penye mtego, ingawa si mtego kwa kila mtu.

Ieleweke kwanza kwamba kununua pointi si kununua nyumba. Bei ya zamu ya juma moja kutoka kwa kampuni yenyewe kwa kawaida hupita dola 20,000, na wengi huinunua kwa mkopo wa kampuni hiyo hiyo, ambao riba yake mara nyingi hupita asilimia 12. Juu ya hayo ipo ada ya matunzo, ya kila mwaka, ambayo kwa wastani hupita dola 1,000, nayo hupanda jinsi miaka inavyokwenda. Mwenye pointi asiposafiri, ada iko pale pale. Akiugua, ada iko pale pale. Akistaafu, ndiyo kwanza ada inaanza kuuma.

Basi ichukuliwe familia ya mfano, ya huko huko Marekani, katika jimbo la Georgia. Mume alikuwa sajini wa polisi. Siku moja, miaka kumi na miwili nyuma, yeye na mkewe walikwenda Florida kupumzika, wakaalikwa chai ya asubuhi ya bure kwa sharti la kukaa saa moja na nusu kusikiliza maelezo. Saa moja na nusu ikawa saa nne, na jioni yake sajini alikuwa ametia sahihi mkataba wa pointi 400 za kila mwaka. Sheria ya Florida ilimpa siku kumi za kubadili nia na kurudishiwa fedha zake zote, wala hakuna karatasi ya kampuni inayoweza kumnyima haki hiyo. Lakini siku hizo alizitumia kuogelea na watoto. Mkopo aliumaliza kwa taabu. Mwaka jana aliaga dunia, akamwachia mkewe nyumba, kiinua mgongo, na pointi 400 za kila mwaka zenye ada ya dola 8 kwa kila pointi, yaani dola 3,200.

Bibi huyo sasa anataka jambo moja: kuwakusanya watu wote wa nyumba yake mahali pamoja kwa siku saba, kabla wajukuu hawajakua na kutawanyika. Ameazimia iwe melini, kwa kuwa melini hakuna wa kupika, hakuna wa kuosha vyombo, na hakuna awezaye kuondoka katikati ya mazungumzo akaenda zake kwa gari. Watu wenyewe ni kumi na mmoja. Yuko bibi mwenyewe. Yuko mwanawe wa kwanza, mkewe na watoto watatu. Yuko binti, mumewe na watoto wawili. Na yuko kitindamimba, kijana asiyeoa bado, koplo katika jeshi la nchi kavu.

Mwana wa kwanza alisema kwamba neno halina mjadala: pointi za marehemu baba zipo, zimeshalipiwa, basi safari ni bure. Binti, ambaye ni karani wa hesabu, alinyamaza, akaomba karatasi.

Kabla ya kuifuata kalamu ya binti huyo, yafaa msomaji ajue jinsi nauli ya meli inavyohesabiwa, maana haifanani na ya basi. Meli za matembezi huuza chumba, nazo hukihesabu chumba kuwa ni cha watu wawili. Wawili hao hulipa nauli kamili. Mtu wa tatu na wa nne, wanaolala katika vitanda vya kukunjua kutoka ukutani, kwa kawaida hulipa kidogo. Mtu akilala peke yake, mara nyingi hulipa nauli ya wawili. Ndiyo maana meli kubwa ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, husemwa kuwa ni ya abiria 5,610, na papo hapo husemwa kuwa yaweza kuchukua 7,600: hesabu ya kwanza ni ya wawili wawili, ya pili ni ya vitanda vyote vikijaa.

Vyumba vingi mwisho wake ni watu wanne. Familia ya mwana wa kwanza ina watu watano, kwa hiyo haienei. Watu wasiozoea hukimbilia kununua vyumba vinne au vitano. Binti alipanga hivi: chumba cha kwanza, kaka yake, wifi yake na watoto wao wawili, chumba cha pili, yeye, mumewe na watoto wao wawili, chumba cha tatu, bibi, koplo, na mjukuu mmoja wa kaka. Vyumba vitatu, watu kumi na mmoja, na kitanda kimoja kikabaki wazi. Mjukuu aliyechaguliwa kulala na bibi alikuwa yule anayekoroma, ili wazazi wake nao wapumzike.

Lakini vitanda kuwapo si ruhusa ya kulala. Huweza kutokea meli ikakataa mtu wa nne katika chumba chenye vitanda vinne, na wateja hudhani kuwa wanaonewa. Sababu ni mashua za kuokolea. Kila sehemu ya meli ina kituo chake cha kukusanyikia na mashua zake, na idadi ya watu waliopangiwa mashua hizo ikitimia, haongezwi mwingine, hata awe mtoto wa miaka miwili. Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na mashua za watu 1,178, hali waliomo walikuwa zaidi ya 2,200. Kutokana na msiba ule mataifa yalifanya mapatano ya kwanza ya usalama wa maisha baharini mwaka 1914, na mapatano yanayofuatwa sasa ni yale ya mwaka 1974 pamoja na marekebisho yake. Na baada ya Costa Concordia kupinduka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, zoezi la usalama likawekwa kufanywa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, si kesho yake. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuhubiriwa juu ya hesabu ya abiria. Wanaikumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, Septemba 2018. Heri karani anayesema "pamejaa" kuliko anayesema "songeni kidogo". Kwa hiyo familia kubwa hukata nafasi mapema, mwaka mzima kabla ikiwezekana, ama itajikuta imegawanywa juu na chini ya meli.

Sasa hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, ila zimewekwa karibu na hali ilivyo. Tuseme nauli ya mtu wa kwanza na wa pili ni dola 900 kila mmoja, na ya wa tatu na wa nne dola 500. Chumba cha kwanza ni dola 2,800. Cha pili dola 2,800. Cha tatu, chenye watu watatu, dola 2,300. Jumla ya nauli ni dola 7,900. Kisha zipo kodi na ushuru wa bandari, dola 150 kwa kila kichwa, mkubwa kwa mtoto, yaani dola 1,650. Kisha bakshishi ya watumishi, ambayo huko si hiari kama jina lake linavyodanganya, bali huandikwa kila siku katika hesabu ya chumba: dola 18 kwa mtu kwa siku, kwa siku saba, kwa watu kumi na mmoja, ni dola 1,386. Jumla kuu kwa fedha taslimu ni dola 10,936.

Kwa pointi, kilabu kinataka pointi 320 kwa chumba cha kwanza, 320 kwa cha pili, na 260 kwa cha tatu. Jumla ni 900. Bibi anazo 400 za mwaka jana, ambazo ziliwekwa akiba na zitakufa mwaka huu zisipotumiwa. Anazo 400 za mwaka huu. Na 100 atazikopa katika za mwakani. Zatosha. Mwana wa kwanza alitabasamu. Ndipo binti alipoonyesha kwamba pointi hulipa nauli tu. Kodi, ushuru na bakshishi, dola 3,036, zabaki kulipwa kwa fedha. Safari ya bure tayari ina bei, hata kabla mtu hajanunua soda.

Pointi 900 zimelipa nauli ya dola 7,900, maana yake kila pointi imefanya kazi ya dola 8 na senti 78. Ada ya matunzo ni dola 8 kwa pointi. Hapa watu wengi husimama wakafurahi: "Tumepata faida ya senti 78 kwa kila pointi." Na hapa ndipo wanapokosea, kwa kuwa wanalinganisha na kitu kisichohusika. Ada italipwa bibi akisafiri au asisafiri. Fedha alizotoa marehemu miaka kumi na miwili iliyopita zimekwenda na hazirudi, vivyo hivyo. Swali lililo mbele ya bibi si pointi hizi zilimgharimu nini. Swali ni hili: pointi hizi, zisipokwenda melini, zingempatia nini mahali pengine?

Zingempatia vitu viwili. Cha kwanza ni matumizi yake ya asili, yaani kukaa katika nyumba za kilabu chenyewe. Kwa kawaida hapo ndipo pointi zinapokuwa na nguvu kubwa, kwa sababu kilabu kinakupa mali yake. Kinapokupa safari ya meli, hasa ya kampuni nyingine, hakina budi kuilipa kampuni hiyo kwa fedha, kisha kuzichukua pointi zako na kuzipangisha nyumba kwa wageni wengine ili kujirudishia. Katikati ya mabadilishano hayo mawili hupotea sehemu ya thamani, na anayepotelewa ni mwanachama. Shilingi ikipita mikononi mwa wabadilishaji wawili hairudi nzima. Hilo kila mtu aliyevuka mpaka wa Malaba au Mutukula analijua.

Kitu cha pili ni kukodisha. Vilabu vingi vinamruhusu mwanachama kumkodishia mtu mwingine pointi zake mara mojamoja, ingawa vinakataza kuifanya biashara ya kudumu, na mkataba hauna budi kusomwa kwanza. Tuseme pointi mpya hukodishwa kwa dola 15, na zile za mwaka jana, ambazo zimebakiwa na miezi michache ya uhai na kwa hiyo hazina wapenzi wengi, kwa dola 12. Bibi akizikodisha 400 mpya atapata dola 6,000. Akizikodisha 400 kuukuu atapata dola 4,800. Jumla dola 10,800. Safari nzima, pamoja na bakshishi na ushuru, ni dola 10,936. Atatoa mfukoni dola 136 badala ya dola 3,036, na zile pointi 100 za mwakani hatakuwa amezigusa. Kodi ya mapato itadai sehemu yake, kwani fedha ya upangishaji ni pato, nayo lazima itangazwe. Hata hivyo tofauti ya dola 2,900 si jambo la kupuuzwa na mjane.

Mwana wa kwanza aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza mbona muuzaji hakumweleza baba hayo. Hakuna aliyemjibu.

Isidhaniwe kwamba kukodisha ni njia laini. Mpangaji hupatikana au hapatikani. Dalali aweza kulipa sehemu tu mwanzoni, na sehemu iliyobaki mpangaji atakapofika nyumbani mwa kilabu, ambapo huenda ikawa ni baada ya tarehe ya malipo ya mwisho ya meli. Na tarehe hiyo kwa kawaida huwa siku 75 hadi 90 kabla ya safari, haingojei mtu. Tena matapeli wamejaa katika uwanja huu kama inzi kwenye bucha. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani imeonya mara nyingi juu ya watu wanaowapigia wenye zamu simu, wakidai wanaye mnunuzi tayari, ila kwanza itumwe ada kidogo. Si ada kidogo. Aprili 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu saba na makampuni 19 ya Mexico, wa eneo la Puerto Vallarta, kwa ulaghai wa namna hii uliofungamana na genge kubwa la dawa za kulevya, na waliolengwa hasa walikuwa wazee. Basi fedha ikiombwa mbele, bibi huyo yampasa akate simu, awe amezungumza vizuri na aliyepiga au la.

Ipo pia hali ambayo pointi ndizo zinazofaa. Ikiwa pointi zinakufa mwezi ujao, hakuna mpangaji, na hakuna nyumba ya kilabu iliyo wazi, basi thamani yake nyingine ni sifuri, na dola 8 na senti 78 ni bora kuliko sifuri. Na wako waliorithi pointi ambazo haziwezi hata kufika kwenye meli: katika Disney Vacation Club, kwa mfano, pointi zilizonunuliwa kwa mtu mwingine, si kwa kampuni yenyewe, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2011, hazilipii safari za meli. Anayenunua kwa mkono wa pili hununua kwa bei ndogo, lakini hana haki zote.

Yote hayo ni dola na senti. Jambo lililomkosesha bibi usingizi lilikuwa lingine, nalo litaeleweka upesi na kila mke wa askari anayesoma ukurasa huu. Je, koplo akikatiwa likizo?

Kwa anayelipa fedha, utaratibu unajulikana. Mpaka siku ya malipo ya mwisho, arbuni ya kawaida hurudishwa yote. Baada ya hapo meli hukata sehemu, na sehemu hiyo hukua kadiri siku zinavyosogea, hata juma la mwisho kisirudi kitu katika nauli. Ziko bima za safari ambazo kwa maandishi kabisa humlipa askari aliyefutiwa likizo kwa amri ya jeshi. Si zote, na yampasa mtu atafute kifungu hicho kwa kidole, mstari kwa mstari. Na nauli ya meli ikishuka kabla ya malipo ya mwisho, aliyelipa fedha kwa kawaida huweza kuomba apewe bei mpya. Aliyelipa kwa kadi ya benki ya mkopo ana kinga nyingine tena ya sheria ya Marekani ya mwaka 1974, inayomruhusu kupinga malipo ya huduma ambayo hakupewa.

Kwa anayelipa pointi, mambo ni mazito. Meli ikiahirishwa au msafiri akijitoa, pointi hurudi, lakini hurudi zilivyo: zile za mwaka jana zikirudi baada ya tarehe yake zinakuwa zimekwisha kufa, au zinawekwa kando kwa matumizi yenye masharti magumu. Pointi zilizokopwa mwakani huenda zisikubali kurudi mwakani. Nayo bima ya kawaida hulipa fedha iliyopotea. Pointi iliyopotea ni shida kuithibitishia bei yake.

Binti alipiga hesabu ya chumba cha tatu pasipo koplo. Akijitoa mapema, mjukuu anapanda kuwa mtu wa pili na kulipa nauli kamili ya dola 900. Chumba kinakuwa dola 1,800 badala ya 2,300. Hasara hakuna, ila pengo mezani. Akijitoa siku kumi kabla, nauli yake imekwenda, lakini ushuru wa bandari na bakshishi yake, dola 276, hurudishwa au hazitozwi, kwa sababu hakupanda. Bibi alizisikiliza hesabu hizo mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kitanda chake kisipewe mtu mwingine.

Koplo mwenyewe, alipopigiwa simu kambini, alichekesha watu. Alisema yeye huenda likizo kupitia Armed Forces Vacation Club, ambako askari wa Marekani hupewa majuma yaliyobaki wazi katika nyumba hizo hizo za zamu kwa malipo ya juma tu, pasipo kununua pointi hata moja. Miaka miwili nyuma alikaa kwa njia hiyo juma zima, wala hakuwa amemwambia baba yake, ili asimvunje moyo.

Likabaki neno la urithi, ambalo kwa desturi huachwa mpaka liwe limechelewa. Pointi za namna hii, hasa zile zenye hati kama ya ardhi, huingia katika mali ya marehemu, na ada yake hufuata. Watoto hawalazimiki kuzipokea: mrithi aweza kukataa kwa maandishi, kwa wakati uliowekwa na sheria, alimradi hajaanza kuzitumia. Huwezi kula matunda ya mwembe kisha ukasema mwembe si wako. Vilabu kadhaa vina njia ya kuzirudisha pointi kwa kampuni pale mkopo unapokuwa umemalizika, na kwa kuwa marehemu aliumaliza, bibi ana mlango huo. Aliambiwa aandike barua kuuliza masharti. Alisema ataandika, ila baada ya safari, kwa kuwa hataki kuzika vitu viwili vya mumewe katika mwaka mmoja. Binti hakubishana naye. Aliandika tu pembeni ya karatasi kwamba ada ya mwakani ni dola 3,200, na huenda zaidi.

Uamuzi ulikuwa huu. Vyumba vitatu vilikatwa kwa fedha, kwa arbuni ya dola 500 kila kimoja, ile ya kurudishwa, na vyote vitatu vikawa katika safu moja, bibi katikati. Pointi 400 mpya zilikabidhiwa dalali aliyechunguzwa, ambaye hakudai kitu mbele. Zile 400 kuukuu zilitangazwa pia, na kukawekwa mpaka: zisipopata mpangaji kufikia mwisho wa Machi, 320 kati yake zitalipia chumba cha mwana wa kwanza, kama nafasi ya pointi itakuwapo bado, na 80 zilizobaki bibi atazimaliza kwa siku mbili tatu Florida pamoja na dada yake. Pointi za mwakani hazitaguswa.

Fomu ya likizo ya koplo ilikuwa bado haijatiwa sahihi na kamanda wake. Bibi alilipa arbuni ya chumba cha tatu kwa watu watatu, akaitia stakabadhi katika bahasha pamoja na kofia ya kazi ya mumewe, akafunga kabati.